Daraja la Kyaka, daraja la Kherson

MWANAIDI: Haya wasikilizaji, karibuni. Leo Kato kaja amenuna.

KATO: Sijanuna, nimetoka kunyoa. Kinyozi wangu kabandika picha ya Putin ukutani. Namuuliza, huyu ni nani kwako? "Mwamba huyo, anawanyoosha Wazungu." Na Waukraine je, si Wazungu? Akazima mashine, akafikiri. "Hao wametumwa."

MWANAIDI: (anacheka) Usimcheke, Kato. Mimi nimekulia nyumba yenye maneno hayo hayo. Wapigania uhuru walipokuwa Kongwa pale Dodoma, bunduki zilitoka wapi? Moscow na Peking. London na Washington walikuwa wanafanya biashara na Makaburu. Halafu 2003 Iraki inavamiwa, 2011 Libya inapigwa mabomu, juzi juzi Gaza. Leo watu wale wale waje waniambie kuvuka mpaka wa jirani ni dhambi? Lazima mtu acheke.

KATO: Acheke tu. Ila akishangilia, hapo tunaachana.

MWANAIDI: Kwa nini, kwa kuwa wewe ni Mhaya?

KATO: Ndiyo! Mama yangu mkubwa alikuwa na miaka tisa Amin wa Uganda alipoingia Kagera, Oktoba 1978. Walikimbia usiku kuvuka mto, ng'ombe wakabaki. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza redioni kwamba ardhi yote kaskazini ya mto Kagera sasa ni Uganda. Kwisha, kwa tangazo tu. Sasa nenda Septemba 2022: Putin kakaa Kremlin anatia saini kwamba Donetsk, Luhansk, Zaporizhzhia na Kherson, mikoa ya Ukraine, ni Urusi. Nitofautishie.

MWANAIDI: Putin ana hoja zake, bwana. NATO inamsogelea, na kule Donbas, mashariki mwa Ukraine, kuna watu wanaongea Kirusi.

KATO: Na kwetu Kagera, pale Missenyi mpakani, kuna watu wana ndugu Uganda! Ukianza kugawa nchi kwa lugha, Afrika hii anabaki nani? Balozi wa Kenya, Martin Kimani, alilisema hilo kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya vita kubwa kuanza. Mipaka yetu haikuchorwa na sisi, ilichorwa London, Paris na Lisbon, tukaamua kuishi nayo. Viongozi wetu walikubaliana hivyo Kairo mwaka 1964.

MWANAIDI: Sawa, ila na sisi tulivuka. Tulikwenda mpaka Kampala, Aprili 1979. Na wapo wakuu wa nchi waliotulaumu kwenye mkutano wa OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Monrovia mwaka ule ule. Hiyo huisemi.

KATO: Naisema. Tulivuka, na kubishania hilo ni haki. Lakini hatukutangaza Masaka kuwa mkoa wa Tanzania.

MWANAIDI: Mh. Hapo umenipata kidogo.

KATO: Kidogo tu? Haya, na zile shukrani zako. Umesema Moscow. Ule ulikuwa Muungano wa Kisovieti, na Ukraine ilikuwa ndani. Brezhnev mwenyewe, kiongozi wao wakati ule, alizaliwa Ukraine. Na ndege za MiG za Amin, zile zilizokuwa zinadondosha mabomu Kagera, zilitengenezwa wapi?

MWANAIDI: Huko huko.

KATO: Huko huko! Na makombora yetu, yale ya "saba saba", huko huko pia. Moscow ilimpa yeye, ikatupa na sisi.

MWANAIDI: Unajua, mjomba wangu kila siku anasema "nilipokuwa nasoma Urusi". Cheti chake cha uhandisi kimetundikwa sebuleni. Kimeandikwa Kharkiv.

KATO: Kharkiv! Hiyo si Ukraine?

MWANAIDI: Miaka yote sikuwahi kuoanisha. Naona Kharkiv kwenye taarifa ya habari, majengo yametobolewa, wala sifikirii kwamba labda hapo ndipo mjomba alikuwa anakula.

KATO: Wakati sisi tunafikiria, serikali yetu nayo ilikaa kimya. Machi 2022 kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nchi 141 ziliitaka Urusi iondoke, 5 zikakataa, 35 zikajizuia. Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa walisema ndiyo. Tanzania, Uganda na Burundi wakajizuia.

MWANAIDI: Hapo mimi naitetea. Kutofungamana na upande wowote ni sera ya siku nyingi, na hawa wakubwa wote tunawahitaji.

KATO: Lakini 1978 tuliwalaumu waliotuambia tupatane bila kumtaja aliyevamia.

MWANAIDI: (kimya kidogo) Lakini vita yenyewe haikutuacha kukaa pembeni. Mafuta yalipanda, ngano ikapanda. Kuna kijana wetu alikwenda kusoma Urusi, akafungwa jela, akaahidiwa msamaha akienda kupigana Ukraine upande wa Wagner, wale mamluki wa Urusi. Aliuawa Oktoba 2022, mwili ukaletwa nyumbani Januari. Lile jeneza lilinikaa sana. Nilitaka kujua kinyozi wako angemwambia nini mama yake.

KATO: Angenyamaza, nadhani. Si mtu mbaya. Ila nikumalizie ya mama mkubwa. Novemba 2022 Warusi walipokimbia Kherson walilivunja daraja la mto Dnipro nyuma yao. Tuko Bukoba, televisheni inaonyesha. Mama mkubwa hajui Ukraine iko wapi. Akaacha kumenya ndizi, akasema, "Hilo daraja la Kyaka."

MWANAIDI: Lile la mto Kagera, askari wa Amin walilolilipua.

KATO: Lile lile. Nikamwambia hapana mama, hii ni Ulaya. Akaniuliza kama ng'ombe wao wamevushwa.

MWANAIDI: Ukamjibu nini?

KATO: Nikamwambia sijui.

MWANAIDI: Tunapumzika dakika moja. Nataka kumpigia mjomba, nimuulize bweni lake lilikuwa mtaa gani.