Kipimo cha kalsiamu ya damu si kipimo cha mifupa

BARAKA: Habari za wakati huu, msikilizaji. Mimi ni Baraka wa maabara, niko na Dokta Zuhura, na leo ni kalsiamu. Dokta ameomba tusianzie kwenye mifupa.

ZUHURA: Kwa sababu kila mtu huanzia huko na haondoki. Mtu mzima ana kalsiamu ya kilo moja na kidogo mwilini, na ni kweli asilimia 99 imo kwenye mifupa na meno. Lakini mwili unalinda kufa na kupona ile asilimia moja iliyobaki, hasa ya kwenye damu. Hiyo ikitaka kushuka, mfupa unamegwa ili kuifidia. Ndiyo maana bibi mwenye mifupa dhaifu kiasi cha kuvunjika nyonga kwa kujikwaa tu, ukimpima damu, mara nyingi kalsiamu yake inatoka sawasawa.

BARAKA: Na majibu hayo humpa mtu matumaini ya uongo. Anayetaka kujua hali ya mifupa apimwe mifupa, kwa ile eksirei maalumu ya nyonga na uti wa mgongo inayoitwa DEXA. Sasa ulinzi wote huo ni wa nini?

ZUHURA: Ni kwa ajili ya seli. Nje ya seli, kalsiamu huru ni kama milimoli 1.2 kwa lita. Ndani, seli ikiwa imetulia, ni kama 0.0001. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara elfu kumi, na inashikiliwa na pampu zisizopumzika. Kwa hiyo vijia vya kwenye utando wa seli vikifunguka hata kidogo, kalsiamu inamiminika ndani, na huko kuingia kwake ndiko amri yenyewe: neva itoe kemikali yake, kongosho limwage insulini, msuli ujikunje.

BARAKA: Hebu tukae hapo kwenye msuli.

ZUHURA: Amri ya neva ikifika, ghala la kalsiamu lililomo ndani ya msuli linafunguka. Kalsiamu inashika protini inayoitwa troponini, hiyo inasogeza kizuizi, nyuzi zinavutana. Ili msuli ulegee, kalsiamu lazima irudishwe ghalani, na kuirudisha kunakula nishati. Watu hudhani kulegea ni bure! Maiti hukakamaa kwa sababu hiyo hiyo: nishati imekwisha, kalsiamu imevuja, nyuzi zilizoshikana haziachiani. Moyo nao ni hivyo hivyo, ila wenyewe unahitaji pia kalsiamu inayoingia kutoka nje kwa kila pigo. Sydney Ringer alilionyesha hilo London mwaka 1883. Moyo wa chura ulidunda vizuri kwenye maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba. Alipotumia maji yasiyo na madini, mapigo yakafifia hadi yakakoma. Kilichokosekana kilikuwa kalsiamu ya bombani.

BARAKA: Na msimamizi wa kiwango hicho ni nani?

ZUHURA: Tezi nne za parathairoidi, zimejibanza nyuma ya tezi ya thairoidi shingoni, kila moja kama punje ya mchele. Zina vipokezi vinavyoonja kalsiamu ya damu muda wote. Ikishuka kidogo, ndani ya sekunde chache zinaongeza homoni ya PTH. Homoni hiyo inauamuru mfupa uachie kalsiamu, inaizuia figo isiipoteze kwenye mkojo, na inaifanya figo ikamilishe vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi. Njia hiyo ya utumbo ni ya polepole, huchukua siku moja au mbili. Kinachokuokoa leo ni mfupa na figo.

BARAKA: Haya, tuje kwenye karatasi ya majibu, maana hapo pana mitego. Kiwango cha kawaida ni takriban 2.15 hadi 2.55 milimoli kwa lita. Wanaotumia miligramu kwa desilita, ni 8.6 hadi 10.2. Hiyo ni jumla. Karibu nusu yake ndiyo kalsiamu huru inayofanya kazi. Nyingine, asilimia 40 hivi, imeshikwa na protini, hasa albumini, na iliyobaki imeungana na vitu kama fosfeti na sitreti. Kwa hiyo mgonjwa mwenye albumini ya chini, labda ini limechoka au figo inavujisha protini, jumla yake itashuka wakati ile huru haijaguswa.

ZUHURA: Hapo ndipo panapohitajika hesabu.

BARAKA: Ndiyo. Kwa kila gramu moja ya albumini chini ya 40 kwa lita, ongeza 0.02. Mfano kalsiamu ni 2.00, albumini 25. Pungufu ni 15, mara 0.02 ni 0.30. Kalsiamu iliyorekebishwa ni 2.30, mtu hana tatizo. Lakini hesabu hiyo huyumba kwa wagonjwa mahututi na wenye figo zilizofeli. Hao pima kalsiamu huru moja kwa moja.

ZUHURA: Na sampuli yenyewe?

BARAKA: Hapo nina ugomvi wa siku zote. Kichupa cha kifuniko cha zambarau kina EDTA ya potasiamu, kemikali inayonasa kalsiamu ili damu isigande. Mtu akijaza hicho kwanza halafu akamiminia damu kidogo kwenye kichupa cha kemia, kile cha kupimia kalsiamu na potasiamu, majibu yanatoka potasiamu juu ya kutisha na kalsiamu chini ya kutisha, wakati mgonjwa amekaa anapiga soga. Ukiona viwili hivyo pamoja, rudia sampuli kabla hujagusa dawa. Kichupa cha kemia kijazwe kabla ya cha zambarau, na damu isihamishwe kutoka kimoja kwenda kingine. Mpira wa kufungia mkono nao usizidi dakika moja, maana ukikaa sana protini zinajikusanya na jumla inapanda kwa uongo.

ZUHURA: Kuna pia mgonjwa wa hofu, yule anayepumua kwa kasi kupita kiasi. Anapoteza kabonidayoksaidi, damu inapungua asidi, albumini inashika kalsiamu zaidi. Jumla haijabadilika, ila ile huru imeshuka, ndiyo vidole vinachomachoma na mikono kujikunja.

BARAKA: Na ikishuka kwelikweli?

ZUHURA: Huanza na ganzi kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, kisha misuli kukaza. Sababu yake huwashangaza wengi: kalsiamu inahitajika ili msuli ujikunje, sasa mbona ikipungua misuli inakaza? Ni kwamba kalsiamu ya nje ya neva huituliza neva. Ikipungua, vijia vya sodiamu vinafunguka kwa urahisi, neva inajifyatukia yenyewe. Mbaya zaidi ni degedege, koo kubana, na moyo kupoteza mpangilio. Ukitaka kujaribu, jaza upepo kifaa cha presha mkononi mwa mgonjwa, milimita 20 juu ya ile presha yake ya juu, kwa dakika tatu: kiganja kinajikunja, vidole vinakutana. Sababu ya kawaida hospitalini ni upasuaji wa thairoidi, pale tezi zile nne zinapojeruhiwa au kutolewa. Huwa inajitokeza siku ya kwanza hadi ya tatu, kwa hiyo anayeruhusiwa mapema aambiwe dalili hizo.

BARAKA: Tiba?

ZUHURA: Mwenye dalili kali ni kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 hadi 20, ichanganywe na maji ya glukosi ya asilimia 5, iingie kwa dakika 10 au zaidi huku moyo unaangaliwa kwenye mashine. Isiharakishwe, moyo unaweza kusimama. Isichanganywe na bikaboneti kwenye mpira mmoja, itaganda kama chokaa. Na mshipa uwe mzuri, ikivuja nje inaunguza nyama. Kisha inafuata dripu ya saa kadhaa, maana dozi ya kwanza haidumu.

BARAKA: Na wale wanaopewa kalsiamu kila siku na kiwango chao hakipandi?

ZUHURA: Pima magnesiamu! Ikiwa chini sana, tezi haziwezi kumwaga PTH, na hata ile kidogo inayotoka, mfupa na figo haviisikii. Utamwaga kalsiamu bure. Wanaoharisha muda mrefu, walevi, na wanaomeza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miaka na miaka, hao waangalie mapema.

BARAKA: Kalsiamu ikiwa juu, tuipitie haraka.

ZUHURA: Kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, uchovu, kuchanganyikiwa. Mara nyingi sana chanzo ni kimoja kati ya viwili: tezi ya parathairoidi iliyokua kupita kiasi, au saratani. Kipimo cha PTH kinavitenganisha. Ikiwa juu au hata katikati wakati kalsiamu iko juu, mtuhumiwa ni tezi. Ikiwa imezimika, tafuta saratani. Ikivuka 3.5 ni dharura, na tiba ya kwanza ni maji ya chumvi mshipani, kwa sababu wagonjwa hawa wamekaukiwa. Dawa za kuzuia mfupa usimegwe hufuata, lakini hizo huchukua siku mbili hadi nne.

BARAKA: Sasa vidonge vya dukani. Watu husoma miligramu 1,250 wakadhani ndiyo kalsiamu. Kalsiamu kaboneti ni asilimia 40 tu kalsiamu, kwa hiyo hapo pana 500.

ZUHURA: Na 500 ndiyo karibu kikomo cha kufyonzwa vizuri kwa mara moja. Kaboneti inywe na chakula, inahitaji asidi ya tumbo. Anayetumia omeprazole apewe kalsiamu sitreti. Levothairoksini, dawa ya thairoidi, ikae mbali na kalsiamu kwa saa nne, na antibiotiki kama ciprofloxacin na doxycycline nazo zisikutane nayo, zinashikana tumboni na zote mbili hazifyonzwi.

BARAKA: Mwenye mawe ya figo aache maziwa?

ZUHURA: Asiache. Mawe mengi ni ya kalsiamu iliyoungana na kemikali iitwayo oksaleti, na kalsiamu ya chakula hunasa oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye mkojo. Mwaka 2002 Waitalia walichapisha utafiti wa wanaume 120 wenye mawe hayo. Ndani ya miaka mitano, waliorudiwa na mawe walikuwa wachache zaidi kati ya waliokula kalsiamu ya kawaida, chumvi kidogo na nyama kidogo, kuliko kati ya walionyimwa kalsiamu. Apunguze chumvi, maana sodiamu hutoka kwenye mkojo ikiburuta kalsiamu. Na anywe maji hadi mkojo wake ufike lita mbili na nusu kwa siku.