Mchanga wa kukaushia wino kutoka korongoni

Karibu tena. Leo nipo korongoni, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na nina ndoo, chujio la chai na sumaku ya spika mbovu. Tunatengeneza mchanga wa kukaushia wino, ule uliokaa mezani kwa makarani wa Ulaya kabla ya karatasi ya kukaushia wino kuenea katika karne ya 19.

Wengi hudhani ni kitu kimoja na unga mwingine, wa mfupa wa dome, mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi, au wa utomvu wa mti wa sandaraka kutoka Moroko. Unga huo ulipakwa kabla ya kuandika ili wino usisambae. Mchanga hunyunyizwa baada ya kuandika.

Chota mchanga pale maji yalipoacha michirizi myeusi. Tia kwenye ndoo ya maji, koroga, mwaga tope. Rudia mpaka maji yawe maangavu. Usiiruke hatua hii, tafadhali: vumbi laini huchafua maandishi, na ukilivuta linaumiza mapafu. Anika, kaanga bila mafuta, uache upoe, kisha uchekeche.

Sasa ivishe sumaku karatasi, uipitishe juu ya mchanga. Chembe nyeusi zinazoirukia ni magnetiti, madini ya chuma. Mchanga mweusi wa namna hii ulitumika zamani, nami naupenda kuliko ule mweupe kwa sababu ni mzito. Upepo wetu wa Dodoma hauupeperushi ovyo. Chomoa sumaku, zidondokee kwenye kikopo cha chumvi chenye matundu.

Karatasi ndiyo yenye siri. Ya zamani ilichovywa kwenye gundi ya ngozi za wanyama, hivyo wino ulikaa juu, na ule wa ziada ukashika chembe. Ya fotokopi hunywa wino papo hapo, mchanga ukakosa kazi. Nunua karatasi ngumu ya kuchorea rangi za maji.

Andika kwa kalamu ya kuchovya. Wino ukiwa bado unang'aa, nyunyiza, subiri kidogo, usisugue. Inamisha karatasi, gonga kwa nyuma, mchanga urudi kikoponi. Vikopo vingi vya kale vilikuwa na kifuniko kilichobonyea kwa kazi hiyohiyo.

Zipo chembe zitakazoganda, hasa wino ukiwa na gundi ya mgunga, kama hii inayogemwa huku kwetu na Singida. Ziache. Wino ukikauka kabisa, zipanguse kwa unyoya wa kuku, ndipo ukunje barua na kuipiga lakiri.