Nije na koti gani? Jibu langu kwa wanaokuja Ujerumani

Asalaam alaykum. Kila nikifungua maoni swali ni lile lile: "Dada, nije na koti gani?" Leo najibu, na asije mtu akasema najionyesha, wala kwamba nimefika Ulaya nalia. Mmeuliza wenyewe.

Koti usinunue sokoni Darajani, Unguja. Mengi ni ya pamba, yakirowa hayakauki, na baridi ya huku Leipzig huja na mvua kabla ya theluji. Mitumba huku ipo, na makoti yake ndiyo ya baridi hii. Pesa yako itie kwenye viatu visivyopitisha maji, namba moja zaidi, soksi ya sufu ipate nafasi. Dada zangu wa baibui, vaeni kama kawaida, ndani tieni suruali na fulana za joto, ila pindo lisifike chini. Na glavu msisahau: Desemba magharibi inaingia kwenye saa kumi, mnatoka darasani kiza kishatanda.

Lakini mie baridi haikunitesa kama karatasi. Ili upate viza ya masomo unaweka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, yaani pesa yako mwenyewe inazuiliwa benki, unapewa 992 kwa mwezi. Watu wakisikia hesabu hiyo wanaona umetajirika. Hizo ni karafuu za babaangu na michango ya ami zangu! Na hazifunguki mpaka ufike. Benki yangu ikataka karatasi ya kusajili anuani. Kusajili kunataka barua ya mwenye nyumba, na wangu akawa hajibu, ilhali keshachukua amana ya kodi ya miezi mitatu. Masomo yanaanza Oktoba, baridi ishaingia, pesa ninayo na siigusi. Nikawa nakwenda chuoni na sweta mbili, moja juu ya nyengine.

Nilipopata koti nikaweka picha, jamaa yangu akaandika: "Koti lote hilo, na hata vocha hunitumii." Koti la mtumba! Mamaangu aliyasoma maneno yale kwetu Wete, Pemba, na mpaka leo yananiuma.

Haya ni yangu mie. Mwenye ufadhili ana yake, wa Munich ana yake. Ningekuwa mdogo wangu anakuja, ningemwambia aje na pesa ya miezi miwili mkononi, nje ya ile akaunti, na kabla hajalipa amana amuulize mwenye nyumba kwa maandishi: barua ya anuani utanipa lini?