Hajulikani, au Hakuulizwa?

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wenzangu na wageni wetu, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kunakili kadi za zamani za makumbusho na kuziingiza kwenye kompyuta. Kadi ya kwanza ilihusu kiti cha enzi, kile kiti cha mpingo chenye njumu za pembe, egemeo na kikalio vimesukwa kwa kamba, ambacho katika miji ya pwani yetu alikalishwa mgeni wa heshima. Kimo chake kilikuwa kimepimwa hadi nusu sentimita, na jina la Mzungu aliyekitoa lilikuwa limeandikwa pamoja na cheo chake. Mbele ya neno "fundi" palikuwa na neno moja tu: hajulikani.

Neno hilo limenisumbua sana. Kwa Kiswahili, kusema kwamba mtu hajulikani ni kusema kuwa hakuna njia ya kumjua, kana kwamba upungufu ni wake. Lakini kiti kile hakikuokotwa ufukweni. Kilitoka katika nyumba ya watu, na siku kilipotolewa pengine wenyewe wangeweza kumtaja fundi, baba yake na mtaa wake. Neno la haki lingekuwa kwamba jina lake halikuulizwa.

Hapo ndipo ninapouona upendeleo wa data, yaani taarifa kuegemea upande mmoja. Mara nyingi tunaudhania kuwa ni uongo uliopenyezwa katika taarifa, ilhali kila kilichoandikwa kwenye kadi kinaweza kuwa kweli, na bado aliyechora nafasi za kujaza ndiye aliyekwisha kuamua kipi kihesabiwe kuwa taarifa na kipi kisihesabiwe. Chukueni Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa bonde la Mto Tana, ambayo maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902 na ambayo tangu 1908 imo British Museum, London. Ngadji inaweza kuelezwa kwa mti, ngozi na vipimo, na maelezo yote yakawa sahihi; lakini kwa Wapokomo ngoma hiyo ilikuwa sauti ya mamlaka, na kadi ya aina niliyoinakili haina nafasi ya sauti, wala ya namna kitu kilivyotoka mikononi mwa wenyewe.

Kompyuta hurithi kadi hizo jinsi zilivyo. Ukitafuta kwa jina la msanii, michoro ya Ulaya huja mmoja mmoja na wachoraji wake. Kazi nyingi za Afrika huja kwa kabila, na programu inayofunzwa kwa kumbukumbu hizo hujifunza kwamba huku kwetu anayechonga ni kabila, si mtu.

Sikuruhusiwa kubadili maneno ya kadi. Niliomba iongezwe nafasi moja: "Nani aliulizwa, na lini?" Ombi lilikubaliwa. Kwa kiti kile nafasi hiyo bado iko tupu, nami nimeiacha hivyo.