Mbingu ya Pemba darasani: mhadhara kwa walimu wa maandalizi

Assalaam aleikum, walimu wenzangu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuwafundisha watoto wa maandalizi hali ya hewa kwa vitendo. Nitaanza na wanachokijua kabla hawajavaa sare. Mtoto wa Pemba wa miaka mitano ameshakimbizwa kwenda kuanua karafuu. Wingu likitanda, nyumba nzima inatoka mbio, majamvi yanakunjwa, na yeye ana kikapu chake kidogo mkononi. Anajua kuwa jua linakausha, mvua inaharibu, na wakubwa hutazama juu kabla ya kuamua. Kisha anafika darasani na kukuta ukutani chati yenye mtu wa theluji na majani yanayopukutika. Chati hiyo naomba tuitoe. Misimu ya mtoto wetu ni masika, kipupwe, vuli na kiangazi.

Liko jambo jingine linaloniuma. Kila asubuhi mwalimu huuliza, "Leo hali ya hewa ikoje?" Watoto huitikia kwa pamoja, "Kuna juaaa!" huku wakimtazama mwalimu, si dirishani. Ombi langu kubwa leo ni hili: mtoto akisie kwanza, kisha atoke akaangalie. Wewe mwalimu usiwe na haraka ya kulitoa jibu.

Baada ya mvua tafuta kidimbwi kwenye saruji, si kwenye udongo. Mpe mtoto chaki azungushe mstari ukingoni mwa maji. Baada ya mapumziko mrudi, achore mwingine kwa ndani. Maji yamekwenda wapi? Wengi watasema ardhi imeyanywa. Usilikatae jibu hilo, maana ndilo waliloliona shambani. Leta visahani viwili vyenye maji sawa, kimoja ukifunike kwa kifuniko kinachopitisha mwanga, uvianike juani. Sahani hainywi maji, nao wanalijua hilo. Watakapoona kilicho wazi kimepungua, na kifuniko cha mwenzake kimejaa matone kwa ndani, wataanza wenyewe kusema maji yanapanda. Mvuke utaje hapo, si kabla.

Kipimamvua tunakitengeneza kwa chupa ya maji ya plastiki. Mwalimu aikate shingo, aipindue na kuirudisha mdomoni iwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo tia vijiwe na maji hadi pale ubavu unapoanza kunyooka, uchore mstari wa sifuri. Chupa yenye kiuno usiitumie, itakupa vipimo vya uongo. Lakini milimita hazina maana kwa mtoto wa miaka minne. Mpe utepe wa karatasi aukate sawa na kimo cha maji juu ya mstari, aubandike ukutani. Siku isiyo na mvua nafasi yake ibaki tupu. Masika ikikolea utawakuta wamesimama mbele ya ukuta huo wakibishana mvua ipi ilikuwa kubwa, na hapo wanasoma grafu kabla hawajajua kusoma.

Wewe mwenyewe kumbuka kuwa milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Ukisikia redioni zimenyesha milimita 20, chora mita mraba uwanjani, mmwage hapo ndoo nzima ya lita 20. Watapiga kelele. Waache wapige.

Upepo ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu Pemba tuna bahati ambayo skuli nyingi hazina. Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwetu, kwa hiyo mtoto anayejua kibla ameshajua kaskazini. Wasimamishe uwanjani waelekee kibla, kila mmoja na kipande chepesi cha kitambaa. Mwezi wa Januari kaskazi itawapiga usoni, kwa upande wa kulia. Mwezi wa Julai kusi itawasukuma mgongoni. Baina yake kuna tangambili, pepo zinapogeuka, na siku hizo vitambaa vitawachanganya. Msiziruke. Mwiteni mzee mvuvi aje aulizwe na watoto kwa nini leo hakwenda baharini. Atawaeleza mengi kuliko mimi.

Kwa usalama: ngurumo ikisikika, kila mtu ndani, wala asibaki mtoto chini ya mwembe. Jua lenyewe lisitazamwe kwa macho, tazameni vivuli.

Najua wengine mna madarasa yaliyojaa hata pa kupita hakuna. Basi msiwatoe wote kwa pamoja. Kila siku watoke watano, warudi kuwaeleza wenzao walichokiona, na wenzao wawaulize. Kipimamvua kimoja kinatosha skuli nzima, ila kiwekwe mbali na paa na miti, na kimwagwe kila asubuhi saa ile ile.

Chupa na mikasi viko kwenye ile meza ya barazani. Kaeni wanne wanne, tuanze kukata.