Laini Kwanza, Sentimita Baadaye

Shikamooni mama zangu. Mabinti, habari za asubuhi? Naona leo mama wakwe mmekuja kwa wingi. Sogeeni mbele, maana kuna jambo lenu humu.

Kila mtu aguse ncha ya pua yake. Ngumu kidogo, siyo? Haya, sasa guseni mdomo. Laini. Mlango wa kizazi hufanya safari hiyo hiyo, kutoka pua hadi mdomo, na sehemu kubwa huimaliza kabla hujaita bajaji.

Nikiwa mkunga mgeni kazini nilimpima binti mwenye mimba ya kwanza, nikamwambia, "Bado sana, sentimita mbili tu." Baada ya saa nne nikapima tena: mbili. Yule binti akageukia ukutani akaanza kulia. Mkunga mkubwa wa zamu akaja, akapima, akaniuliza mlango ukoje. Nikajibu, mbili. Akasema, "Sikuulizi upana. Unene je?"

Nilikuwa sikuuangalia. Mlango wenye urefu wa sentimita tatu hivi ulikuwa umenywea, umebaki kama kitambaa. Zile saa nne hazikupotea hata moja.

Mlango huu hauna misuli mingi. Umejaa nyuzi ngumu za kolajeni zilizofumwa kwa kubana. Uzazi ukikaribia nyuzi hulegea, maji huingia kati yake, na ute mzito uliouziba huchomoka, mara nyingi ukiwa na damu kidogo. Kisha uchungu huuvuta kwenda juu. Mnajua unavyomvalisha mtoto fulana yenye shingo nyembamba? Shingo ile hukunjuka kwanza, ndipo kichwa kipite. Kwa mimba ya kwanza mlango huisha unene, halafu hufunguka. Aliyekwisha kuzaa, vyote huenda pamoja, ndiyo maana mtoto wa tatu huweza kuzaliwa barabarani. (Kicheko.)

Kuhusu mwendo wa kufunguka: zamani tulifundishwa sentimita moja kwa saa. Kipimo hicho kilienea kwa chati ya madaktari Philpott na Castle ya mwaka 1972, iliyotoka Harare, enzi hizo ikiitwa Salisbury. Chati ilisaidia sana kujua nani apelekwe hospitali kubwa mapema. Lakini wengi huenda polepole zaidi ya hapo na wakazaa salama, na tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu umekolea kuanzia sentimita tano. Kwa hiyo ukiambiwa tatu, usijione umeshindwa. Uliza: "Umelainika? Umekuwa mwembamba?"

Sasa mama wakwe. Mzazi akifika sentimita nane, kichwa cha mtoto kinakandamiza, anasikia hamu ya kusukuma, na ninyi mko pembeni mnapiga kelele, "Sukuma, mwanangu!" Hapana. Ukingo wa mlango bado umebaki mbele, kati ya kichwa na mfupa. Ukibanwa pale huvimba, na ulichokuwa umebakiza kidogo kinakuwa kingi. Mwambieni apumue kwa mdomo, alale ubavu, mwiteni mkunga.

Na sentimita kumi, yaani mlango umefunguka wote, hatupimi kwa rula. Tunasema kumi kidole kinapozunguka kichwa cha mtoto pande zote bila kukuta ukingo wowote.

Mtoto akitoka, na kondo la nyuma likitoka, mlango huning'inia umelegea kama mdomo wa soksi kuukuu. Damu ikiendelea kutoka kwa wingi wakati kizazi kimeshakaza, hapo lazima tuangalie kama mlango umechanika. Msikubali kuambiwa "damu ya uzazi ni kawaida" na mtu aliyekaa mlangoni anakunywa chai.

Baada ya wiki moja hivi huwa umekaribia kufunga. Ila tundu lake, lililokuwa duara dogo kama la ushanga, kwa aliyezaa kwa njia ya kawaida hubaki kamstari ka kulala. Mkunga asiyekujua kabisa akikuangalia miaka ishirini baadaye, atajua umewahi kuzaa kabla hujafungua mdomo.