Kurudi kwenye pikipiki ukiwa mtu mzima: anza na mguu wa kushoto

Mbukwenyi, ndugu zangu! Karibuni. Niko Ntyuka, huku juu ya mji, saa moja kasoro asubuhi. Ni Agosti, na anayeijua Dodoma anaujua upepo wa Agosti. Ikifika saa tatu hamtanisikia mimi, mtasikia vuuu tu. Kwa hiyo mengine nitayapita mbio, na moja nitakaa nalo hadi mnichoke.

Hii ndiyo pikipiki yangu. Zungusha simu waione yote. Cc 150, gia nne, ina miezi miwili tangu nimeitoa dukani. Kibao cha namba ni cha njano, maana yake ni ya binafsi, si ya biashara. Nalisema hilo kwa sababu juzi pale Soko la Majengo mama mmoja alishapanda nyuma na mchicha wake, ananiambia, "Chang'ombe shilingi ngapi?" Nikamwambia mama yangu, hii ni ya nyumbani, na helmeti ya pili sina. Tulicheka pale mpaka wauza nyanya wakacheka. Nikamtafutia kijana wa bodaboda, akaenda zake.

Mimi nilikuwa bibi shamba. Miaka ya 90 nilizunguka vijiji vya Kondoa na Yamaha DT 125 ya serikali, makorongo yale yote, masika na kiangazi. Mwaka 1998 nikahamishiwa ofisini, nikakabidhi funguo, na tangu siku hiyo sikushika pikipiki tena mpaka nimestaafu na miaka yangu 60. Nina shamba la zabibu Mpunguzi, na zabibu hazisubiri basi lijae.

Watu wananiambia, mama, si ni kama baiskeli tu, haisahauliki? Kweli, haisahauliki, na hatari iko hapohapo. Mwili unakumbuka, ila unakumbuka ile pikipiki ya zamani. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa bado uko Kondoa, mwaka 1998. Ndiyo sababu ya video hii.

Haya, ya haraka. Leseni: kama yako ina daraja la gari peke yake, haikuruhusu kuendesha pikipiki. Nenda kasome, upimwe, uongezewe daraja A. Mimi nilikaa darasani na vijana wa bodaboda, wakaniita Bibi, na nilijifunza kwao kuliko nilivyotegemea. Bima iwe hai. Helmeti nunua mpya. Ile ya zamani inayoning'inia stoo iache hukohuko, povu la ndani linazeeka hata kama gamba linang'aa. Mkanda wa kidevuni ufungwe, kidole kimoja ndicho kipite. Viatu vifunike kifundo cha mguu. Ndala hapana. Nimemaliza.

Ukaguzi kabla ya kuwasha: tairi, oili, cheni, breki, taa. Mnavijua. Ila kwa sisi tuliozoea DT, lipo la kusema. Zile zilikuwa injini za mipigo miwili, zilichoma oili pamoja na petroli, moshi wa buluu nyuma, na tulijaza oili kila mara kwenye tangi lake dogo. Hizi za sasa ni mipigo minne. Tangi la mafuta ni petroli tupu, usichanganye kitu. Oili inakaa chini kwenye injini, unaipima kwa kijiti hiki, na unaibadilisha kwa kilomita. Ya kwanza usiicheleweshe, kitabu changu kinasema kilomita 500. Oili ile ya mwanzo inabeba vumbi la chuma la injini inayojisugua upya. Niliyoimwaga mimi ilimetameta kama rangi ya kucha.

Na tairi mpya zinateleza. Siku chache za mwanzo usilalie kona, ziache zichubuke kwanza.

Sasa njoo huku kushoto. Sogea. Shuka chini kabisa na simu, waone mguu... Hapana, huo ni wa kulia, huo ni wa breki. Zunguka. Hapo. Kivuli chako kimefunika kila kitu, hamia upande wa mbuyu. Hapo sasa, kaa hapohapo usitikisike.

Hiki ndicho kikanyagio cha gia. Kina ncha mbili, ya mbele kwa vidole, ya nyuma kwa kisigino. Kwenye DT yangu hapakuwa na ncha ya nyuma. Ilikuwa gia ya kwanza unakanyaga chini, zilizobaki unanyanyua kwa mgongo wa kiatu. Kwa hiyo ukitaka kupunguza, unakanyaga chini mbele. Miaka minane nimefanya hivyo. Nikiona ng'ombe, mguu unakanyaga wenyewe kabla akili haijasema.

Hii hapa iko kinyume. Sikilizeni. Ukikanyaga mbele, gia INAPANDA. Moja, mbili, tatu, nne, zote mbele. Ukikanyaga nyuma kwa kisigino, INASHUKA. Narudia: vidole vinapandisha, kisigino kinashusha. Semeni na mimi hapo mlipo, hata kama mnakula. Vidole vinapandisha, kisigino kinashusha.

Niwaambie kilichonipata, halafu mtanielewa kwa nini napiga kelele. Wiki ya kwanza nilikuwa nateremka hukuhuku, gia ya pili, taratibu. Mbele ng'ombe wakaanza kuvuka. Mguu ukafanya kazi yake ya zamani, vidole chini. Kwenye DT ningeshuka gia ya kwanza. Hapa ilipanda ya tatu. Injini ikaacha kushika, pikipiki ikawa nyepesi kama imekatwa kamba. Nikaona haijapungua, nikakanyaga tena. Ya nne! Sasa mteremko unanichukua, ng'ombe wako palepale wananitazama. Nikakanyaga breki ya nyuma kwa uzito wangu wote, tairi ikafunga juu ya kichanga, mkia ukaja mbele, tukalala ubavu mimi na yeye. Ekzosi ikaniunguza hapa, kwenye muundi. Alama mnaiona. Kijana mchungaji alikuja mbio akaniinua kabla hajawatazama ng'ombe wake, Mungu ambariki.

Na upande wa pili ni mbaya vilevile. Uko gia ya tatu unataka ya nne, unanyanyua kidole kama zamani. Kunyanyua mbele ni sawa na kukanyaga nyuma, kwa hiyo umeshusha. Ukiachia klachi ghafla, tairi ya nyuma inakwama kwa kitambo, na kama uko kwenye kichanga au kona, inakutupa. Usinyanyue. Kidole kisahau kwamba kuna juu.

Si pikipiki zote ziko hivi. Mpya nyingine ni kama DT ileile. Kwa hiyo kabla hujaitoa dukani, soma mchoro wa gia kwenye kitabu, mwombe fundi akuonyeshe kwa mguu wake, na wewe ufanye mbele yake. Mimi waliponikabidhi hawakunionyesha, na mimi sikuuliza kwa kuwa nilijiona najua.

Zoezi ni hili. Weka stendi kubwa, zima injini. Mtu azungushe tairi ya nyuma kwa mkono, maana bila kuzunguka gia haziingii vizuri. Wewe umekaa juu, shika klachi, sema kwa sauti: vidole, moja. Vidole, mbili. Vidole, tatu. Kisigino, mbili. Kisigino, moja. Mbuzi hao, mbuzi hao! Shhh! Toka! ... Wamekwenda? Simu ipo? Sawa. Wameila nyasi ile niliyoiweka kuwa alama ya kona, haidhuru.

Fanya mara 50 asubuhi, mara 50 jioni, siku tatu, kabla hujagusa barabara. Mimi nilifanya uani nikiwa nasubiri maharage yaive. Akili inaelewa siku ya kwanza. Mguu unaelewa siku ya nne. Msubirini mguu.

Ukiwa unatembea, ukiona cha kukushtua, usianze na gia. Anza na breki mbili pamoja, shika klachi, simama. Gia utazishusha ukishasimama, kisigino, kisigino, mpaka iwake taa ya kijani ya frii, yaani hakuna gia iliyoingia. Kosa la gia ukiwa umesimama halimuumizi mtu.

Breki basi. DT yangu ilikuwa na ngoma mbele, unaikamata kwa kiganja kizima ndipo ipungue. Hii ina diski. Vidole viwili tu, na unakamua kama unavyomkamua mbuzi, polepole ukizidisha, usinyakue. Juu ya lami breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu uzito wote unakimbilia mbele. Ila ukiingia kichanga, iache kabisa.

Na kichanga ndicho Dodoma yetu. Unatoka lami kwenda shambani, hatua mia moja umo ndani yake, na makorongo kiangazi ni mchanga mtupu. Kabla hujaingia, shusha gia, kisigino, mkiwa bado kwenye ardhi ngumu. Nyanyuka kidogo juu ya vikanyagio, magoti yakumbatie tangi, mikono ilegee, macho yatazame mbali kule unakokwenda. Vuta mafuta kidogo kwa kipimo kimoja na usiachie katikati. Usukani utachezacheza, uache ucheze. Anayeung'ang'ania ndiye anayeanguka. Mimi kichanga nakipenda kuliko lami, nawaambia ukweli. Pale ndipo nilipojisikia nimerudi nyumbani, siku ya kwanza nilipovuka korongo bila kuweka mguu chini.

Kwa sisi wenye umri: shingo. Vioo havioni kila kitu, na shingo yangu haigeuki kama zamani, kwa hiyo kila asubuhi nainyoosha kabla ya kuvaa helmeti. Goti nalo likikakamaa, usirushe mguu juu ya siti. Inamisha pikipiki kwako, upitishe taratibu. Usiku siendeshi. Macho ya miaka 60 na ng'ombe mweusi kwenye lami nyeusi hayapatani.

Barabara kubwa iache mpaka wiki ya tatu. Anza Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, mitaa iko wazi. Mjini hatuvuki kilomita 50 kwa saa, na injini mpya yenyewe haitaki mbio. Ukitoka kwenda Barabara ya Iringa, malori. Lori likikupita linakusukuma kwanza, halafu linakuvuta upande wake. Usikakamae, lilegee hilo bega, na usikae kwenye ukingo wa lami, maana ukishuka pale kuna kokoto.

Mnasikia? Upepo huo umefika, na vumbi lile linakuja. Funika simu... hapana, bado, acha nimalizie, wanione nikiondoka. Simama kule kwenye mbuyu, mguu wangu wa kushoto uonekane. Nikishakupita usinifuate, nakwenda shambani.

Stendi juu. Klachi. Vidole, moja. Huyo, inatoka. Vidole, mbili...